Kabla ya kumshawishi mzazi, hesabu safari zake: namna ya kupanga huduma ya chanjo kwa kufuata uchumi wa tabia

Mwongozo huu ni wa yule mtu ambaye kila mwisho wa mwezi hufungua daftari la chanjo na kukuta mistari iliyoanza vizuri upande wa kushoto, kisha ikaachwa wazi kuanzia katikati. Anaweza kuwa muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mjumbe wa kamati ya afya ya kijiji. Mara nyingi huambiwa kwamba dawa ya tatizo lake ni elimu, yaani watu wakielimishwa watakuja wenyewe. Nimekaa katika vikao vya kutosha kujua kwamba kauli hiyo hutolewa zaidi na watu ambao hawajapanga foleni siku nyingi wakiwa na mtoto mgongoni.

Uchumi wa tabia huchunguza namna watu wanavyoamua mambo wakiwa na haraka, uchovu, hofu na majirani, badala ya kudhani kwamba kila mtu hukaa chini akapima faida na hasara kama mhasibu. Kwa upande wa chanjo, utafiti wa miaka ishirini hivi iliyopita umetufundisha jambo moja ambalo wengi wetu bado tunalifanya kinyume: kurahisisha safari huleta watoto wengi zaidi kuliko kubadilisha mawazo, kwa hiyo maneno ya kushawishi yaje mwishoni, baada ya vikwazo kuondolewa. Ndiyo maana hatua zinazofuata zimepangwa hivyo.

Anza na daftari, usianze na kipaza sauti

Kwa ratiba ya Tanzania, mtoto huanza na chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa, hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14 kwa ajili ya pentavalenti (chanjo moja inayokinga magonjwa matano) na nyingine zinazoambatana nayo, kisha huja kuchanjwa surua-rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Hizo ni safari sita, na kati ya wiki ya 14 na mwezi wa 9 kuna pengo la zaidi ya miezi mitano ambamo mama anaweza kuhama, kurudi kazini, kupoteza kadi au kusahau tu.

Chukua daftari la mwaka mzima na ugawe majina katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la watoto ambao unajua wamezaliwa katika eneo lako lakini hawana dozi hata moja, na la pili ni la watoto walioanza wakaishia njiani. Tofauti hii si ya kitakwimu tu. Mzazi aliyeleta mtoto mara nne ameshakubali chanjo mara nne, na kumhubiria faida zake ni sawa na kumshawishi abiria aliyesimama kituoni kwamba basi ni chombo kizuri cha usafiri, ilhali basi lenyewe halijapita.

Baada ya hapo, andika jina la kitongoji mbele ya kila mtoto ambaye hajakamilisha. Mapengo yakijikusanya katika kitongoji kimoja au viwili, sababu huenda ni umbali, mto au nauli. Yakitawanyika kila mahali, na hasa yakianzia baada ya wiki ya 14, huenda ni kusahau na kuahirisha. Yakijitokeza ghafla katika mwezi fulani, au kwa chanjo moja tu huku nyingine zikiendelea kama kawaida, basi hapo ndipo una haki ya kushuku uvumi. Kazi hii huchukua mchana mmoja na inaweza kukuokoa na semina ambayo haikuhitajika.

Tembea njia anayopita mzazi

Gharama ya chanjo huja leo: nauli, nusu siku ya kazi, kilio cha mtoto, homa ya usiku. Faida yake ni tukio lisilotokea, ugonjwa ambao hautakuja na ambao hakuna atakayeuona ukigeuka njiani. Binadamu huupa uzito mkubwa mno mzigo wa leo kuliko nafuu ya baadaye, na wachumi wa tabia wana vipimo vya kuthibitisha hilo, ingawa wahenga walishasema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama anayesema "nitampeleka wiki ijayo" anasema kweli anavyokusudia. Tatizo ni kwamba wiki ijayo nayo itakuwa na nauli yake na kazi zake, naye atasema tena vilevile kwa nia njema ileile.

Kwa hiyo fanya jambo ambalo halipo katika fomu yoyote: chagua kitongoji cha mbali kuliko vyote, uende alfajiri, uandamane na mama mmoja mpaka kliniki na kurudi, ukiandika muda na fedha. Chukulia kwamba bodaboda ni shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Safari sita zitakula shilingi 36,000, kabla hujahesabu genge lililofungwa asubuhi sita. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi mpaka uubebe wewe.

Ukubwa wa kikwazo hiki ulionekana wazi Sierra Leone mwaka 2022, katika utafiti uliofanyika kwenye jamii 150 za vijijini wakati wa chanjo ya UVIKO-19. Kwa wastani, mtu wa vijiji hivyo alihitaji saa tatu na nusu kufika kituo cha chanjo, na saa nyingine kama hizo kurudi. Timu ndogo za wauguzi zilipofika vijijini na chanjo, baada ya kuzungumza na wazee na wenyeji, kiwango cha waliochanjwa kilipanda kwa pointi za asilimia zipatazo 26 katika muda wa siku mbili hadi tatu. Kabla ya hapo watu hao walikuwa wakihesabiwa miongoni mwa Waafrika wanaokataa chanjo.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakionekani kwenye ramani, nami nilikiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza dada yangu kwenye kituo kimoja cha afya kumpeleka mwanawe chanjo ya miezi 9. Tulifika saa mbili na nusu asubuhi, tukakuta kina mama wanne kwenye benchi, nasi tukawa wa tano. Muuguzi alitoka, akahesabu watoto kwa kidole, akasema kwa upole kabisa, "Mama zangu, surua leo hatufungui, watoto hawajatosha. Rudini Alhamisi ijayo." Mama mmoja aliyekuwa amevuka mto kuja pale, viatu bado vikiwa mkononi, akauliza, "Na Alhamisi watakuwa wametosha?" Muuguzi alitabasamu kwa haya, hakujibu. Dada yangu alikaza khanga tukaondoka, na Alhamisi alirudi kwa kuwa anakaa karibu. Yule mama wa ng'ambo ya mto sikumwona tena Alhamisi hiyo.

Muuguzi yule hakuwa mvivu. Chanjo ya surua-rubela huja kama unga ndani ya kichupa ambacho kwa kawaida kina dozi 10, na ile ya kifua kikuu huwa na dozi 20. Zikishachanganywa na maji yake, lazima zitumike ndani ya saa 6 au zimwagwe. Mtoa huduma huulizwa kuhusu dozi zilizomwagika kwa sababu zina safu yake kwenye fomu, lakini haulizwi kuhusu mama aliyerudishwa, kwa sababu hana safu. Kwa lugha ya uchumi, hasara imehamishwa kutoka stoo ya serikali kwenda mgongoni kwa mama. Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa hoja kwamba dozi tisa zilizomwagwa ni nafuu kuliko mtoto asiyerudi.

Ikiwa akiba yako inaruhusu, fungua, na uandike upotevu huo kama ulivyo bila kuuficha. Ikiwa hairuhusu, basi uwe na siku moja ya surua inayojulikana na isiyobadilika, iandikwe kwenye kadi ya kila mtoto tangu anapopata chanjo ya wiki ya 14, na siku moja kabla yake mhudumu wa jamii awapigie simu wazazi kumi na mbili ili wafike kumi. Kisha ongeza safu katika daftari lako mwenyewe, uipe jina "waliorudishwa". Nakuhakikishia kwamba safu hiyo, ikisomwa mbele ya kamati ya kijiji, hubadilisha mambo kuliko bango lolote.

Huduma za mkoba, yaani zile zinazopelekwa vijijini, nazo zisipimwe kwa wingi wake tu. Katika wilaya ya Udaipur, jimbo la Rajasthan nchini India, Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walifanya utafiti katika vijiji 134 ambako wauguzi wa serikali walikuwa hawaonekani vituoni karibu nusu ya siku za kazi. Katika vijiji ambavyo havikuguswa, ni asilimia 6 tu ya watoto wa mwaka 1 hadi 3 waliokuwa wamekamilisha chanjo. Pale ambapo kambi ya chanjo ilifika kila mwezi bila kukosa, siku ileile iliyotangazwa, kiwango kilifika asilimia 18. Kambi hizo ziliwajengea watu uhakika kwamba wakitembea mpaka pale hawatakuta mlango umefungwa. Ukiahirisha huduma ya mkoba mara mbili kwa sababu pikipiki haina mafuta, watu watakuwa wamejifunza somo ambalo itakuchukua mwaka kulifuta.

Tarehe, saa na ujumbe wa simu

Kwa wanaosahau na kuahirisha, dawa ni ndogo na ya bei nafuu. Katika kampuni moja ya Marekani, Katherine Milkman na wenzake waliwatumia wafanyakazi barua za kuwakumbusha chanjo ya mafua. Wale walioombwa waandike wenyewe siku na saa watakayokwenda walichanjwa kwa asilimia 37, dhidi ya asilimia 33 ya waliopewa taarifa tupu, huku walioombwa kuandika siku pekee, bila saa, wakiwa hawana tofauti ya maana na waliopewa taarifa tupu. Kwa hiyo usimwambie mama "rudi baada ya mwezi". Mwulize, "Siku hiyo utatoka nyumbani saa ngapi, na mkubwa wake utamwachia nani?" Akijibu, ameshapanga.

Hatua kubwa zaidi ni kumpangia miadi badala ya kusubiri aiombe. Katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, wafanyakazi waliopewa miadi ya chanjo ya mafua moja kwa moja, wakiwa huru kuifuta, walichanjwa kwa asilimia 45, ilhali walioelezwa tu jinsi ya kuomba miadi walikuwa asilimia 33. Watu wengi hufuata njia iliyokwisha kufunguliwa mbele yao. Uhuru wa kukataa ubaki palepale, na usiwe wa maneno matupu: anayefuta miadi asikaripiwe.

Ujumbe wa simu uwe mfupi, wa heshima, na uwe na kila kitu anachohitaji kutenda. Mfano: "Habari ya asubuhi mama. Chanjo ya surua-rubela ya mtoto wako imewekwa kwa ajili yake Alhamisi tarehe 12, saa 3 asubuhi, zahanati ya kijiji. Njoo na kadi ya kliniki. Siku hiyo isipofaa, tupigie tukupangie nyingine." Maneno "imewekwa kwa ajili yake" hayakuingia kwa bahati: katika majaribio makubwa ya ujumbe wa chanjo ya mafua nchini Marekani, ujumbe uliomwambia mtu kwamba dozi yake imetengwa ulikuwa miongoni mwa uliofanya vizuri kuliko wote. Sharti ni kwamba iwe kweli imetengwa. Hakikisha pia namba uliyonayo ni ya nani. Katika kaya nyingi simu ni ya baba, na salamu ya "mama" ikifika kwenye simu yake huku naye yuko machimboni, umeandika bure.

Zawadi: lini inafaa na lini inaharibu

Rudi Udaipur. Kundi la tatu la vijiji lilipata kambi zilezile za uhakika, pamoja na kilo 1 ya dengu kwa kila chanjo na seti ya sahani za chuma mtoto anapokamilisha. Kiwango kilipanda hadi asilimia 39. Jambo lililowashangaza wengi ni gharama: kila mtoto aliyekamilisha chanjo aligharimu dola 28 hivi pale penye dengu, na dola 56 hivi pale pasipo na dengu, kwa sababu muuguzi hulipwa mshahara uleule awe amechanja watoto watano au ishirini. Dengu hazibadilishi imani ya mtu aliyeamua kukataa. Huondoa sababu ya kuahirisha kwa kumpa mzazi kitu cha leo cha kuweka kwenye mizani dhidi ya mzigo wa leo.

Lakini uhakika wa huduma utangulie. Katika vijiji 152 vya magharibi mwa Kenya, kaunti ya Siaya, watafiti waligawa vijiji katika makundi manne. Bila chochote, asilimia 82 ya watoto walikuwa wamekamilisha chanjo walipofika miezi 12. Kwa ujumbe wa simu pekee, au ujumbe pamoja na shilingi 75 za Kenya kwa kila chanjo iliyopatikana kwa wakati, walikuwa 86. Kwa ujumbe pamoja na shilingi 200, walikuwa 90, na ni kundi hili la mwisho tu lililotofautiana na lile la kwanza kwa uhakika wa kitakwimu. Ninavyousoma mimi, pale ambapo wanne kati ya watano tayari wanakuja, fedha hununua kidogo, na fedha ndogo mno pengine hainunui chochote. Nchini Sweden mwaka 2021, kronor 200 ziliongeza waliochanjwa dhidi ya UVIKO-19 kwa pointi 4 hivi. Bahati nasibu ya waliochanjwa katika jimbo la Ohio, Marekani, ya mwaka huohuo, iliyotoa dola milioni 1 kwa kila mmoja wa washindi watano, ilipigiwa kelele nyingi lakini wachambuzi walipolinganisha na majimbo mengine hawakuona ongezeko la kutajika.

Tahadhari yangu ni moja. Usitoe fedha mahali penye uvumi mzito, kwa maana swali litakalofuata ni "kama ni kitu chema, mbona wanatulipa?", na hutakuwa na jibu jepesi. Mahali kama hapo rudisha nauli, na iite nauli.

Kuna zawadi isiyo ya fedha ambayo naipenda zaidi. Sierra Leone, katika kliniki 120, mchumi Anne Karing aliwapa watoto bangili: ya njano mtoto anapoanza chanjo, inayobadilishwa kuwa ya kijani anapofikia hatua iliyowekwa. Kila jirani aliweza kuona kwenye kifundo cha mkono kwamba huyu ana mzazi anayejali. Bangili zilileta matokeo makubwa zaidi pale rangi ilipobadilishwa kwenye chanjo ya tano, iliyohusu surua, ugonjwa ambao wazazi wanaujua na kuuogopa, kuliko ilipobadilishwa kwenye ya nne. Ukitaka kuiga, hata kwa uzi wa rangi au stika kwenye kadi, ifunge alama yako kwenye chanjo ambayo jamii yenyewe inaiheshimu.

Nani aseme, na aseme nini kuhusu wengine

Tuna mazoea ya kupeleka ujumbe kupitia viongozi, na viongozi wana nafasi yao. Tanzania ilipozindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, miezi michache tu baada ya mtangulizi wake, John Magufuli, kueleza waziwazi mashaka yake juu ya chanjo hizo. Tendo lile lilifungua mlango. Hata hivyo halikutosha kuwaingiza wengi. Idadi ilipanda sana baadaye, huduma ilipotoka vituoni ikawafuata watu sokoni, stendi na majumbani.

Kwa kazi ya kila siku, mtafute mtu mwingine. Huko Haryana, India, watafiti waliwauliza wanakijiji ni nani kati yao hodari wa kueneza habari, wakawatumia waliotajwa kuwa wajumbe wa chanjo, na njia hiyo, ikiunganishwa na ujumbe wa simu, ikawa miongoni mwa njia zilizoleta chanjo nyingi kwa fedha kidogo. Uliza hivi katika nyumba kumi au kumi na tano: "Pakiwa na habari ya gulio, ni nani hapa atakayewafikishia watu wote kabla ya magharibi?" Majina mawili matatu yatarudiwarudiwa, na huenda mwenyekiti asiwemo. Atakuwamo muuza maandazi, fundi cherehani au kinyozi.

Yule utakayempata, mkataze jambo moja: asitangaze idadi ya wasiochanja. Tangazo la "asilimia 40 ya wazazi wetu hawajakamilisha" linakusudiwa kuwatia watu aibu, lakini anayelisikia huambiwa kwamba hayuko peke yake. Ikiwa watoto 8 kati ya 10 wamepata surua-rubela, sema hivyo. Ikiwa bado ni wachache, usitaje kiwango. Taja wangapi wameongezeka tangu mwezi uliopita, maadamu ni kweli.

Ukifika kwa mwenye shaka

Sasa wamebaki wachache, na hawa ndio wanaostahili muda wako mrefu. Elewa kwanza hofu yao ilivyojengwa. Mwaka 1990 Ilana Ritov na Jonathan Baron walionyesha kwamba watu wengi huona dhara litokanalo na chanjo kuwa zito kuliko dhara lilelile likitokana na ugonjwa, kwa sababu la kwanza wamelitenda kwa mkono wao na la pili limetokea lenyewe. Mtoto akipata homa baada ya sindano, mama hujiambia, "Mimi ndiye niliyempeleka." Akipata surua, huambiwa ni ya Mungu. Hofu hii haitokani na ujinga, nao madaktari hawakosi kuwa nayo.

Kwa hiyo kumwonyesha picha za watoto wagonjwa hakusaidii sana. Brendan Nyhan na wenzake, mwaka 2014, waliwapima zaidi ya wazazi 1,700 wa Marekani kwa aina nne za ujumbe, zikiwemo maelezo, picha na simulizi za kutisha, na hakuna hata moja iliyoongeza nia ya kuchanja. Picha za watoto wagonjwa ziliongeza hata idadi ya walioamini kwamba chanjo ina madhara ambayo haina. Mtu akitishwa, akili yake huzunguka kutafuta cha kuogopa, na kilicho karibu naye wakati huo ni sindano.

Namna ya kuanza mazungumzo ina uzito. Douglas Opel na wenzake, walioangalia mazungumzo halisi ya madaktari na wazazi, waliona kwamba daktari alipoanza kwa "leo tuna chanjo hizi na hizi", wazazi waliopinga walikuwa asilimia 26, na alipoanza kwa "unaonaje kuhusu chanjo?", walikuwa 83. Daktari aliyepingwa alipoendelea kupendekeza bila kugomba, karibu nusu ya waliopinga walikubali. Sitaficha upande wa pili: utafiti uliofuata uligundua kwamba wazazi walioanziwa kwa namna ile ya kwanza hawakuridhika sana na mazungumzo. Ushauri wangu ni kuanza kwa uhakika na kumalizia kwa masikio. Katika nyumba zetu anayeamua mara nyingi ni bibi, basi mazungumzo yaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na sindano zako?"

"Nimekuja, bibi. Leo mjukuu ana zamu ya surua-rubela."

"Yule wa jirani alichomwa akashinda na homa siku mbili."

"Ni kweli, wapo wanaopata homa, na huyu naye anaweza kupata, hata baada ya siku kadhaa. Akipata, mpeni maji na ziwa kwa wingi, na hii ni namba yangu, nipigieni hata usiku. Wewe bibi uliwahi kuona surua?"

Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Wengi wa rika lake waliwahi kuiona, na watasimulia wenyewe kwa maneno ambayo wewe huwezi kuyatunga. Kutaja homa kabla haijatokea nako kuna faida yake ya kiuchumi: homa iliyotabiriwa ni ishara kwamba ulisema kweli, na homa isiyotabiriwa ni ushahidi dhidi yako.

Uvumi kuhusu uzazi unahitaji mkono mwepesi zaidi. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walitilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa, wakidai kwamba ilikuwa na kitu cha kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Maswali yaliyokuwa mitaani yalikuwa ya mantiki kabisa: mbona wanawake tu, na mbona dozi nyingi hivyo? Jibu lipo. Lengo lilikuwa kumkinga mtoto mchanga anayeambukizwa kupitia kitovu, na kinga hiyo huipata kwa mama yake, ambaye mwili wake huijenga dozi baada ya dozi. Lakini jibu likitolewa baada ya tuhuma husikika kama utetezi. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, ina swali lilelile la "mbona wasichana tu?" Litangulie katika mkutano wa kwanza wa wazazi shuleni: kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ni ya wanawake, na chanjo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla msichana hajakutana na kirusi. Usiutaje uvumi wenyewe kwenye kipaza sauti, kwani kati ya watu mia wanaokusikiliza, pengine themanini walikuwa hawajaupata.

Pima

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukianza kupiga simu siku moja kabla ya surua, anza na nusu ya vitongoji, ukivichagua kwa kura ya karatasi ndani ya kofia mbele ya kamati ili pasiwe na manung'uniko, na vingine vifuate baada ya miezi mitatu. Hesabu watoto waliopata surua-rubela kabla ya kufikisha miezi 10 katika makundi yote mawili. Usilinganishe Aprili na Julai, kwa maana mvua za masika zitakudanganya. Linganisha vitongoji hivi na vile katika miezi ileile. Na ile safu ya waliorudishwa iandikwe kila siku ya kliniki, hata siku ambayo ni sifuri.